Nani Anamwoza Nani? Maneno ya Kadi ya Harusi, Kutoka Mrima Hadi New Hope



Leo naomba tuongee kuhusu karatasi ndogo ambayo kila mmoja wetu amewahi kuipokea, na karibu wote tumeitupa: kadi ya harusi. Sisi watu wa historia tunapenda hati kubwa kubwa. Mikataba, barua za magavana, hukumu za mahakama. Kadi ya harusi tunaisoma kujua ukumbi uko wapi na pilau linaanza saa ngapi, basi, imekwisha kazi yake. Lakini nimekaa na jambo hili muda mrefu, na nadhani tunapoteza kitu. Kadi ni mahali ambapo familia inalazimika kuandika, kwa sentensi moja tu, kwamba harusi hii ni ya nani. Kwa mdomo unaweza kuzunguka. Kwenye karatasi sentensi inataka kiima, na kiima kinataka jina.

Nitaanza mbali kidogo, Mrima na Unguja, halafu nitakuja hapa tulipo Minnesota. Mnivumilie.

KABLA YA KADI

Zamani pwani mwaliko ulikuwa ni mtu. Mwenye shughuli alimtuma mjumbe, mara nyingi mwanamke mtu mzima anayezijua koo na milango, apite nyumba kwa nyumba. Anayetaka kuusoma ulimwengu ule aanzie kwenye Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Sehemu kubwa ya maelezo yale ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. (Kwa hiyo, wasomi wenzangu, huyu ndiye babu yetu: Mswahili aliyekaa kwenye baridi ya ugenini akiandika harusi za kwao zilivyo.) Ulimwengu wake ni wa posa, mahari, ngoma na wajumbe.

Sasa sikilizeni jinsi mjumbe anavyosema, maana wengi wetu tumeyasikia maneno haya kwa bibi zetu: "Bibi fulani anakusalimu sana, anasema usikose, shughuli ni yako." Shughuli ni yako! Aliyealikwa ndiye anayepewa harusi. Hakuna anayetangaza kwamba yeye ndiye mwenyewe. Ukienda, unakwenda na mchele, na kanga, na mikono yako ya kupika, kwa sababu umeambiwa ni yako.

Maandishi yalikuwepo, tusije tukasema pwani ilikuwa ya mdomo tu. Watu waliandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya namna hiyo mwaka 1892. Barua hizo zina adabu yake: zinaanza na heshima ndefu za Kiarabu kwa anayeandikiwa, zinamwombea heri, ndipo linakuja lile neno la "ama baada", na hapo tu ndipo haja inatajwa. Yaani mpokeaji anatangulia, haja inafuata, na mwandishi anajitaja kwa unyenyekevu. Barua ya posa tuliyoizoea imerithi adabu hiyohiyo: mshenga anapeleka barua inayosema kijana ameona ua katika bustani yako. Hakuna anayeandika "nataka kumwoa binti yako" waziwazi. Ukiandika hivyo utarudishiwa barua yako pamoja na faini.

TANGAZO LA KANISANI

Wamisionari walipokuja walileta maandishi ya aina nyingine. UMCA walihamia Unguja mwaka 1864, na mapadri wa Roho Mtakatifu wakaanza Bagamoyo mwaka 1868. Pamoja nao likaja tangazo la ndoa. Kwa Wakatoliki desturi ya kutangaza mara tatu ilikazwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Kwa Waingereza sheria ya mwaka 1753 iliweka tangazo kanisani, au leseni kwa asiyetaka tangazo, kuwa sharti la ndoa halali. Ni muhimu tutofautishe: tangazo halimwaliki mtu. Linauliza. Fulani na fulani wanataka kuoana, mwenye kujua kizuizi aseme. Angalieni kiima: ni wawili wenyewe. Baba hayumo, mjomba hayumo.

Na kuna sababu nyingine ya wawili kusimama peke yao kule Bagamoyo na Unguja. Wengi wa Wakristo wa mwanzo walikuwa watu waliokombolewa utumwani, na wengi wao walinyakuliwa kwa wazazi wakiwa wadogo. Hakukuwa na baba wa kupokea posa. Hakukuwa na shangazi wa kutumwa. Waliofanya kazi ya wazazi ni mapadri na masista, na ndoa hizo zikajaza vijiji vya misheni. Naomba mlishike hili, kwa sababu nitalirudia: swali la nani anasimama mahali pa mzazi asiyekuwepo halikuzaliwa ughaibuni. Lilikuwa Bagamoyo zaidi ya miaka 150 iliyopita.

KADI NA KITENZI CHAKE

Kadi ya kuchapwa tunayoijua imekaa kwa mkao wa Kiingereza. Wazazi wanatajwa kwa nafsi ya tatu, kana kwamba mtu mwingine anasimulia habari zao: "Bwana na Bibi fulani wanayo furaha kukualika..." Linganisha na yule mjumbe wa "shughuli ni yako". Kadi imegeuza mambo. Mwenye harusi sasa ametajwa mstari wa kwanza, kwa herufi za dhahabu, na mpokeaji amebaki na nukta nukta za kujaziwa jina kwa kalamu.

Hata hivyo Kiswahili hakikumeza mkao huo kimya kimya. Kilileta ugomvi wake, na ugomvi uko kwenye kitenzi. Kiingereza kina kitenzi kimoja ambacho bwana na bibi harusi wote wawili wanaweza kukitumia. Sisi mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, wawili wanaoana, na mzazi anamwoza mtoto wake. Shina ni moja, -oa, lakini kila kiambishi tamati kinampa mtu mwingine madaraka. Ukiandika "kumwoza binti yao", mtendaji ni wazazi na binti ni shamba linalogawiwa. Ukiandika "binti yao atakayeolewa na", mtendaji ni kijana. Ukiandika "wanaooana", wawili wako sawa, na wazazi wamebaki pembeni kama watazamaji.

Halafu kuna balaa la maana mbili. "Kuoza" ni kumpa mtoto mume au mke, na kuoza ni kuharibika kama embe. Hakuna mama anayetaka neno hilo karibu na jina la mwanawe. Ndiyo maana watu wakaongeza kiambishi kingine: kumwozesha. Neno hilo nalo siku hizi limechafuka, kwa sababu magazeti yanalitumia kwa habari za watoto wa shule wanaoozeshwa kwa nguvu. Basi kadi nyingi zimekimbilia "kufunga ndoa", na wenye kupenda madoido wanaandika "kufunga pingu za maisha". Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, eti tangu lini mtu akachapisha kadi ya kukaribisha watu waje kumwona anatiwa pingu? Sikuwa na jibu.

Sheria nayo ilikuwa na kitenzi chake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Kenya ilikusanya sheria zake nyingi za ndoa katika sheria moja mwaka 2014, na humo pia hiari ndiyo msingi. Kwa hiyo mbele ya serikali zote mbili watendaji ni wawili wanaooana. Mbele ya kadi, mara nyingi, watendaji ni wazazi. Karatasi mbili za harusi moja zinasema mambo mawili, na watu wameishi na hali hiyo bila shida kwa sababu hakuna aliyeziweka karatasi hizo pamoja.

NDUGU, KAMATI NA MCHANGO

Wale tuliokulia Tanzania tunakumbuka sura nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, anwani ya heshima ikawa Ndugu. Bwana na Bibi hawakufa, lakini kwenye nukta nukta za kadi ukajikuta umekuwa Ndugu, uwe mkurugenzi au tarishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika, na kadi nilizoziona za miaka hiyo zilipigwa taipu kwenye stensili na kutolewa nakala kwa wino uliokuwa ukichafua vidole. Dhahabu ya mstari wa kwanza ilikwisha. Harusi haikukwisha, kwa sababu ilipata mwenyewe mpya: kamati.

Kamati ya harusi mnaijua. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao vya kila Jumapili jioni. Kamati ilizaa kadi mbili. Ya kwanza ni ya mchango: familia ya fulani inakutaarifu kwamba inatarajia kumwozesha kijana wao, hivyo unaombwa mchango wako wa hali na mali. Ya pili ni ya mwaliko, na hii haiji kama ya kwanza haikujibiwa. Pembeni kumeandikwa "Single" au "Double", yaani mlango utakufungulia peke yako au pamoja na mwenzako, kadiri ulivyotoa. Kenya wana harambee yao ya kabla ya harusi, jina tofauti, hesabu ileile. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, namba ya simu ya mweka hazina ikapata nafasi kwenye kadi, wakati mwingine kwa herufi kubwa kuliko jina la kanisa.

Watu hucheka desturi hii, hasa wakiwa ughaibuni. Mimi siicheki. Ukiitazama vizuri, kadi ya mchango inasema tena, kwa lugha ya fedha, maneno ya yule mjumbe wa zamani: shughuli ni yako. Umetoa, kwa hiyo ni yako. Iliyokwenda ni adabu ya kutokutaja kiasi.

NEW HOPE

Sasa twende Minnesota. New Hope ni mji mdogo kaskazini magharibi ya Minneapolis, kaunti ya Hennepin, wenye watu wapatao 22,000 kwa sensa ya mwaka 2020. Historia yake inachekesha kwa mtu wa kamati za harusi: waliouanzisha ni wakulima waliojitenga na Crystal mwaka 1936 kwa sababu hawakutaka kulipia huduma za mjini ambazo wao hawakuzihitaji. Yaani walikataa mchango. Mwaka 1953 pakawa kijiji rasmi, mashamba yakageuka nyumba, na jina la Tumaini Jipya likabaki. Vitongoji hivi vya kaskazini, Brooklyn Park, Brooklyn Center, Crystal na New Hope yenyewe, leo vina Waliberia wengi na watu wengi wa Afrika Mashariki. Wakenya ni wengi, na kati yao Wakisii wanajulikana sana. Wengi wanafanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za kulea wazee, kazi za zamu, usiku na mwisho wa wiki. Ndiyo maana kadi hapa lazima itoke mapema kweli kweli. Mtu anahitaji kuomba Jumamosi yake miezi miwili kabla.

Nimeitwa mara kadhaa kusaidia maneno ya kadi, kwa kuwa inajulikana nimesoma lugha. Nitawaeleza kisa kimoja, bila majina, na wahusika wameniruhusu.

Kijana ni Mkisii aliyekulia hapa. Binti ni wa Muheza, Tanga, karibu na Magila, mojawapo ya misheni za mwanzo za UMCA huko bara. Baba yake alifariki yeye akiwa sekondari. Mama mzazi yuko Muheza, na safari yake ya kuja harusini haikuwezekana. Binti amekaa miaka tisa New Hope kwa mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyemsomesha uuguzi na ndiye aliyelipia ukumbi. Mahari ilipokelewa Muheza na baba yake mkubwa, kama inavyotakiwa. Haya, andikeni kadi.

Rasimu ya kwanza waliiandika maharusi wenyewe, kwa Kiingereza, kwa namna inayotumika sana hapa: majina yao wawili juu, halafu "pamoja na familia zao" wanakualika. Kwa sheria ya Minnesota hakuna kosa. Sheria hapa inaiita ndoa mkataba wa kiraia ambao ridhaa ya wahusika ndiyo msingi wake. Unachukua leseni kaunti, inadumu miezi sita, unahitaji mashahidi wawili. Hakuna karani anayekuuliza kama baba mkubwa ameridhika.

Baba mkubwa alitumiwa rasimu hiyo kwa WhatsApp. Alikaa kimya siku mbili, halafu akapiga simu. Nilikuwepo mezani, simu imewekwa spika. Alisema kwa upole: "Mimi ndiye niliyepokea mahari. Kama simo kwenye kadi, niliipokea kama nani?" Wazee wa kijana nao, waliokuwa Kisii, waliuliza swali hilohilo kutoka upande wa pili. Walitaka kuona jina la mtu waliyempa. Kumbe wazee wote waliisoma kadi kama risiti.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo hili kwetu tulioko huku. Nyumbani baba mkubwa ana nafasi nyingi za kuonekana: anakaa mbele, anaongea, anapokea wageni, anakabidhi binti. Hata kadi ikimsahau, watu watamwona. New Hope hatakuwepo. Hati ya serikali haina nafasi yake. Kadi ndiyo karatasi pekee ambayo atakuwemo, au hatakuwemo kabisa.

Kwa hiyo baba mkubwa akatuma rasimu yake: Bwana na Bibi fulani wa Muheza wanayo heshima kukualika katika harusi ya binti yao. Kwa hesabu ya ukoo wetu si uongo, mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako. Lakini mama mdogo aliposoma "binti yao" aliweka simu mezani, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Hakusema neno. Miaka tisa ya kumwamsha mtoto alfajiri kwenye theluji ilikuwa haina mstari hata mmoja.

Tukampigia mama mzazi. Wote tulidhani atadai jina lake liwe mbele. Alisema: "Mimi msinihangaikie. Nataka baba yake aonekane."

Hapa lugha ndiyo iliyotuokoa, na ni jambo ambalo Kiingereza kisingelifanya kirahisi. Katika adabu ya kadi za Kiingereza, aliyekufa haaliki watu. Anaweza kutajwa kwamba bibi harusi ni mtoto wake, lakini hawezi kuwa mwenyeji. Sisi tuna njia: "Familia ya marehemu fulani". Anayealika ni familia, iko hai. Marehemu yuko ndani yake kwa hicho kijineno "ya". Hakufufuliwa na hakufutwa.

Lakini kanuni hiyo ina bei, na anayeilipa ni mjane. Mnazifahamu kadi hizo. "Familia ya marehemu Mzee fulani inayo furaha..." na mama aliyebaki, aliyeuza maandazi na kulipa ada, hayumo. Nikapendekeza tuongeze jina lake. Binti akaandika haraka: "Familia ya marehemu Bwana fulani na Bibi fulani". Isomeni tena. Neno "marehemu" limewafunika wote wawili! Mama amezikwa akiwa hai. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya wachapaji kumwondoa mjane: sarufi inawatisha, na njia rahisi ni kukata.

Dawa ni kubadilisha mpangilio tu. Anza na aliye hai: "Familia ya Bibi fulani na marehemu Bwana fulani". Sasa marehemu ni mmoja, na mjane ana jina. Mama wa Muheza hakupenda mwanzoni. Alisema tunamweka mbele ya mume wake. Nikamwambia, mama, hatukuweki mbele, tunakutoa kaburini. Alicheka kidogo, akanyamaza, kisha akasema: "Basi andikeni. Mkimaliza mnitumie niisome mwenyewe."

Ilikuwa hivi mwishoni, majina nimeyatoa: "Familia ya Bibi M. na marehemu Bwana H. wa Muheza, Tanga, chini ya usimamizi wa Mzee S., pamoja na familia ya Mzee N. wa Kisii, zinayo furaha kukualika katika harusi ya watoto wao, watakaofunga ndoa siku ya Jumamosi... Mwenyeji wenu hapa New Hope ni Bibi R."

Tazameni walivyogawana sentensi. Wazee walipata kiima. Marehemu alipata "ya". Baba mkubwa alipata usimamizi, ambao ndio kazi aliyoifanya. Mama mdogo alipata neno mwenyeji, na nyumba yake ikapata jina la mji. Maharusi walipata kitenzi: binti alikataa katakata "kuozeshwa" na "kuolewa", akataka "watakaofunga ndoa", wote wawili pamoja, na hakuna mzee aliyebisha maana kila mzee alikuwa ameshapata chake. Kuhusu lugha yenyewe, kijana alipendekeza Kiingereza kibaki, na nakala za Kiingereza zilichapwa kwa ajili ya wenzao wa kazini. Lakini wazee wa Muheza hawajui Ekegusii, wazee wa Kisii hawajui Kibondei, na Kiingereza cha pande zote ni cha kuombea msaada. Kiswahili ndicho pekee ambacho wazee wote waliweza kukisoma na kugombana nacho bila mkalimani.

Mambo mawili madogo ya kiutendaji, kwa watakaoitwa kwenye meza kama ile. La kwanza ni saa. Ukiandika "saa 8 mchana", aliyezaliwa Minneapolis atakuja saa mbili usiku akute mnafagia. Sisi tuliandika "saa nane kamili mchana" kwa maneno, na chini yake 2:00 kwa tarakimu. La pili ni tarehe: huku mwezi unatangulia siku, kwa hiyo 7/6 ya Muheza ni Juni, na ya New Hope ni Julai. Andikeni jina la mwezi.

TUTUNZE NINI?

Ninachotaka kusema kwa ujumla ni hiki. Tumezoea kuhadithia historia ya ndoa zetu kama safari ya kutoka kwa ukoo kwenda kwa watu wawili, sheria ikitangulia na desturi ikiburutwa nyuma. Kadi hazisemi hivyo. Zinaonyesha kila zama zikiongeza mtu kwenye sentensi bila kumtoa aliyekuwepo: mjumbe, padri, wazazi, kamati, na sasa mama mdogo wa New Hope. Na kila zama kuna mmoja anayeelekea kudondoka. Kwenye vijiji vya misheni ilikuwa wazazi. Kwenye kadi za "familia ya marehemu" ni mjane. Ughaibuni ni yule aliyebaki nyumbani, na wakati mwingine ni yule aliyelea huku bila kuzaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu. Mnapopokea kadi, msiitupe. Andikeni nyuma yake kwa penseli mmeipata wapi na mwaka gani, muiweke kwenye bahasha. Na mkialikwa kwenye meza ya kuandika, ombeni mkae na rasimu pia. Kadi iliyochapwa ni mkataba wa amani; vita viko kwenye rasimu, kwenye majina yaliyokatwa na kurudishwa. Rasimu za harusi ile ninazo, nne, na ya tatu ina alama ya maji ya vyombo.

Wenye kadi za zamani za Mombasa, Lamu, Bukavu, Muscat au kwingineko, ningependa kujua mjane anaandikwaje kwenu, na kama kuna sehemu ambako "kumwoza" bado linachapwa bila aibu.

Nawasilisha.